Sabuni ya Rangi Saba

Watu wameshindwa na mengi hapa mtaani Huruma. Kuna walioshindwa na kodi, kuna walioshindwa na maji ya mfereji yanayokuja siku yanapotaka. Lakini mtu aliyepigana na bitiruti na kushindwa hadharani ni mmoja tu, na jina lake ni Sylvance Omolo!

Na si bitiruti peke yake. Alishindwa na sukuma wiki, akashindwa na choya, yale maua ya kutengenezea juisi, na mwisho akashindwa na manjano mbele ya wakwe. Lakini tusimcheke kabla hajafika. Tumpe kwanza nafasi ya kujisifu, maana hiyo ndiyo kazi anayoiweza.

Sylvance alikuwa na miaka thelathini na mbili, shingo ndefu, na koti jeupe la maabara. Koti alilipata katika shule moja ya upili, alikofanya kazi muhula mmoja kama msaidizi wa maabara. Msaada wenyewe ulikuwa kuosha chupa. Lakini ukimuuliza!

"Mimi ni mtu wa kemia," alikuwa akisema, akikunja mikono ya koti. "Hii mikono unayoona imeshika asidi."

Mikono ilikuwa imeshika chupa zilizokuwa na asidi wiki iliyotangulia. Hayo hakuyataja.

Mpenzi wake, Waringa, alikuwa na kibanda cha mboga chini ya ghorofa alilokaa Sylvance, na pamoja walikuwa na biashara ndogo ya sabuni. Mafuta ya mbuzi walichukua Kiamaiko, hatua chache tu kutoka hapo, mahali ambapo mbuzi hufika kwa miguu na kuondoka kwa kilo. Waringa ndiye aliyeyapima mafuta hayo kwenye mizani yake ya viazi na vitunguu. Ndiye aliyepima kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni na ngozi yako kuwa kidonda usipoangalia. Ndiye aliyekoroga hadi ikashika, akaimimina kwenye pakiti tupu za maziwa.

Sylvance alisimamia. Alisimamia kwa mdomo, akiwa amevaa koti jeupe na glavu, amesimama mbali na moshi.

"Koroga kisayansi, mami!" alikuwa akisema. "Kisayansi!"

Sabuni ilitoka nyeupe iliyofifia, kama ugali wa jana. Ilitoa povu zuri, ilisafisha, na majirani waliipenda. Mambo yangeishia hapo kama Sylvance hangepelekwa Donholm, mtaa wa wenye nafasi.

Alipelekwa kujulikana kwa wazazi. Babake Waringa, Mzee Thuo, alikuwa amepima mizigo ya reli kwa miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na bado alimwangalia kila mtu kama gunia linaloshukiwa kupungua kilo mbili. Alimkaribisha Sylvance, akamwacha anywe chai, kisha akauliza swali moja.

"Kijana, unafanya kazi gani?"

Jibu lilikuwa rahisi. Natengeneza sabuni na binti yako. Maneno matano tu! Waringa alikuwa amemfundisha njiani, mara tatu.

Lakini Sylvance alitazama makochi ya Donholm. Akatazama vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, vimetandikwa kila mahali, hata juu ya redio. Akaona gari nje ya dirisha, ingawa lilikuwa la jirani. Kifua kikafura.

"Mzee, nina kiwanda."

"Kiwanda?"

"Cha sabuni ya asili. Rangi saba! Hakuna rangi ya duka, mzee, ni mboga, matunda na viungo peke yake. Nyekundu natoa kwa bitiruti. Kijani natoa kwa sukuma wiki. Zambarau, choya. Buluu…"

Mguu wa Waringa ulimpata chini ya meza. Sylvance alidhani ni mapenzi, akaendelea.

"Buluu inatoka kwa mboga gani?" aliuliza Tata Sally, shangazi yake Waringa, mama aliyekuwa na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

"Hiyo ni siri ya kiwanda, mama."

Mzee Thuo aliweka kikombe chini polepole.

"Vizuri. Sisi hatutoi msichana kabla hatujaona anakoenda. Tutakuja kukiona hicho kiwanda Jumamosi, wiki tano kutoka leo. Nikiridhika na nilichoona, tutaketi tuzungumze. Nisiporidhika, utakuwa unatuuzia sabuni kama unavyouzia watu wengine, na mambo ya binti yangu utayaacha."

Njiani kurudi Huruma, Waringa alisubiri mpaka wakafika karibu na nyumbani, ndipo akauliza.

"Sylvance, kiwanda kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Na rangi?"

"Mami, wewe wasahau? Mimi ni mtu wa kemia."

Alianza na bitiruti. Alibeba zote zilizokuwa kibandani, akazikamua, na juisi ikatoka nyekundu ya kutisha. Aliitia kwenye sufuria ya sabuni. Sabuni ikawa nyekundu! Sylvance akapiga kelele ya furaha mpaka Muoki, fundi wa mawe aliyekaa mlango wa pili, akaja mbio na mswaki mdomoni.

"Niaje? Kuna moto?"

"Ona, buda! Ona rangi!"

Muoki aliinama akaona. Lakini wakati anainama, nyekundu ilikuwa imeshakuwa zambarau. Alipofika chini vizuri ilikuwa ya machungwa. Alipotoa mswaki mdomoni aseme neno, ilikuwa kahawia.

"Manze, hii si nyekundu. Hii ni matope."

"Inapumzika," alisema Sylvance.

Asubuhi ilikuwa imepumzika zaidi. Ilikuwa na rangi ya ukuta wa muuza makaa.

"Kostiki inakula rangi ya bitiruti," Waringa alimwambia kwa upole. "Rangi hiyo haiiwezi."

"Nani amekwambia?"

"Macho yangu."

Hakusikia. Alitia sukuma wiki iliyosagwa, ikatoka kijani safi, akaipiga picha kumi na moja. Kufikia Jumatano kijani kilikuwa kimefifia hadi khaki ya suruali ya shule. Alitia maji ya choya, zambarau yenye heshima, na ilipogusa kostiki ikawa kijani kichafu, halafu kijivu, halafu ikabaki hapo ikimtazama.

Huku Sylvance akigombana na mboga, Waringa alikuwa na sufuria yake pembeni. Asubuhi moja ilikuwa imebaki strungi nyingi, chai nzito isiyo na maziwa. Akaiacha ipoe kabisa, akaitumia badala ya maji kutengeneza nusu ya sabuni. Nusu nyingine akatengeneza kwa maji kama kawaida. Kisha akazimimina pamoja kwenye pakiti moja na kupitisha kijiti katikati, mara mbili tu. Siku ya kuikata, kila kipande kilikuwa kahawia ya upole yenye mistari myeupe, na hakuna vipande viwili vilivyofanana.

Sylvance alicheka mpaka akashika meza.

"Mami, huo ni uji wa wimbi! Wazee watoke Donholm mpaka Huruma kuja kuona uji?"

Waringa aliumia. Alivipanga vipande vyake kwenye katoni, akaisukuma chini ya kitanda vikauke.

Siku ya kumi na moja, Sylvance akakutana na manjano. Si rangi, ni ile bizari ya kutia kwenye pilau. Alitia kijiko kimoja kwenye sabuni mbichi, na hapohapo ikageuka nyekundu kama pazia la kanisani!

"Nimeipata!" alipiga mayowe. "Muoki! Njoo ushuhudie!"

"Kijiko kimoja kinatosha kwa sufuria hiyo," alisema Waringa. "Ukizidisha itashika kwa ngozi."

"Kupima ni kwa watu waoga."

Akamwaga mkebe mzima. Akanunua wa pili, na wa tatu. Akatengeneza sufuria saba, kila moja na manjano yake, kidogo hapa, rundo pale. Siku chache baadaye nyekundu ilijiondokea bila kuaga, na kilichobaki kilikuwa njano, njano zaidi, na njano iliyokaribia machungwa. Rangi saba hizo! Au tuseme ukweli: rangi moja iliyokosewa mara saba.

Sylvance alizipa majina. Macheo, Embe, Papai, Pilau, Simba, Januari, na ile iliyokuwa na mkebe wote wa pili, Malkia.

"Wacha nijaribu moja kuosha mikono," Waringa alimwomba juma la mwisho.

"Sabuni ya maonyesho haiguswi! Itapoteza pembe."

Kwa hivyo hakuna binadamu aliyewahi kunawa na sabuni ile kabla ya Jumamosi.

Jumamosi ilifika. Perez, dadake mkubwa Sylvance, alikuja tangu asubuhi kupika kuku na ugali, na akaleta vitambaa vyake vyeupe, alivyofuma mwenyewe kwa miaka miwili, kutandika kwenye viti vya kuazima. Kwa kuwa upande wa bwana harusi ulihitaji mzee wa kuzungumza, na wazee wa akina Omolo walikuwa mbali Siaya, Muoki alivalishwa tai na kupewa cheo cha baba mdogo.

Wageni walikuwa kumi. Mzee Thuo alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi likakubali. Tata Sally alikuwa na gauni jeupe na miwani yake yote miwili.

"Na wewe ni Omolo gani?" alimuuliza Muoki.

"Mimi ni Omolo wa Machakos, mama."

Sylvance aliingia na koti la maabara na sinia. Juu ya sinia kulikuwa na zile sabuni saba. Mzee Thuo alizitazama kwa muda mrefu.

"Tofauti ya hii na hii ni gani?"

"Hiyo ni Papai, mzee. Hiyo ni Pilau."

"Mimi naona njano."

"Macho yakizoea utaziona zote."

"Na ile buluu?"

"Iko… imeenda maonyesho."

Mzee Thuo aliguna. Waringa, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho. Alikuwa anampenda huyu mtu, na wakati huo alijiuliza kwa nini.

Bahati nzuri chakula kilikuwa tayari. Na hapo ndipo Sylvance alipoona nafasi ya kuokoa siku. Mgeni wa heshima hanyanyuki kwenda kunawa. Mwenye nyumba humletea maji pale alipoketi, akianza na mkubwa. Sylvance akachukua birika, beseni na taulo nyeupe, na juu ya kisahani akaweka sabuni moja. Ilikuwa Malkia!

"Jaribuni wenyewe, wazee wangu! Mtashuhudia!"

Mzee Thuo alinawa kama mtu wa reli, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Povu lilitoka la machungwa. Akageuza sabuni, akasugua tena. Tata Sally akanawa. Wote kumi wakanawa, kwa bidii, maana huwezi kuidharau sabuni ya mwenye nyumba mbele yake. Sylvance alipita nao akimimina maji na kueleza habari za asidi. Taulo begani ilikuwa inabadilika rangi lakini yeye alikuwa anaongea.

Wakaomba, wakaanza kula.

"Perez," aliita Tata Sally baada ya matonge mawili, "huu ugali umetia nini? Mbona unageuka njano?"

"Ugali wangu ni mweupe, mama."

"Huu hapa si mweupe."

Tata Sally aliweka tonge chini, akatazama kiganja chake. Akatazama cha pili. Kisha akatazama kitambaa cha Perez alichokuwa amekiegemea, na hapo palikuwa na mkono mzima, vidole vitano, wa rangi ya machungwa!

"Uuui! Thuo! Angalia mikono yako!"

Mzee Thuo aliangalia. Akajishika shati kwa mshtuko, na shati likapata mkono wake. Mzee mmoja akajishika shavu. Mwingine akashika kipara. Kila aliyejipapasa kuangalia kama yuko mzima alijipiga chapa.

"Tumeugua!" alisema mwenye kipara. "Ni huyo kuku!"

"Kuku wangu?" Perez alisimama. "Kuku wangu hana ugonjwa! Ngojeni niwaletee sabuni ya ukweli!"

Alikimbia jikoni akarudi na kipande cha sabuni ya mche na beseni jingine. Akamshika Tata Sally mikono, akamsugua kama anayesugua sufuria iliyoungua. Na pale ambapo povu liligusa, njano yote iligeuka nyekundu. Nyekundu ya damu!

"Natoka damu! Nimechunwa!"

"Si damu, mama," Sylvance alijaribu kusema, jasho likimtiririka. "Ni mabadiliko ya kemia tu…"

"Mabadiliko gani! Mimi nilikuja na mikono yangu!"

Watu walikuwa wamesimama, viti vimeanguka, Omolo wa Machakos amejificha nyuma ya mlango wa choo. Sylvance alisimama katikati na birika lake. Alimwona Mzee Thuo akitafuta kofia yake aondoke, akajua kwamba kofia ikipatikana, Waringa amekwenda.

"Baba, keti," alisema Waringa.

Sauti haikuwa kubwa, lakini mzee aliketi.

"Ni manjano ya pilau, si ugonjwa. Mtu asiguse sabuni yoyote, sabuni ndiyo inaipandisha ikawa nyekundu. Perez, lete mafuta ya kupika. Muoki, toka huko, ukimbie kibandani ulete ndimu zote. Mkishajipaka twende juu, jua lina nguvu. Jua linaifuta hii rangi."

Ndiyo maana saa saba mchana, juu ya ghorofa, katikati ya kamba za nguo, wazee kumi kutoka Donholm walisimama wamepakwa mafuta na ndimu, wamenyanyua viganja kuelekea mbinguni.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika shuka juu ya ghorofa la jirani aliwaona. Akaacha shuka.

"Bwana asifiwe!" aliita.

Wazee walibaki wamenyanyua viganja. Mama yule akanyanyua mikono yake pia. Akaja jirani yake, akaja mwingine, na kabla ya nusu saa ghorofa lile la jirani lilikuwa limejaa na mtu mwenye spika ameanza kuhubiri, akimshukuru Mungu kwa wageni hawa waliokuja kuiombea Huruma.

"Semeni amen!" alinguruma.

"Amen," alijibu Muoki, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kutoka pale.

Lile jua lilifanya kazi. Rangi ilififia, ikabaki kidogo kwenye kucha. Lakini sasa walikuwa wananuka mafuta na ndimu kama samaki wa kukaangwa, na ilibidi wanawe. Waringa alishuka, akaingiza mkono chini ya kitanda, akarudi na katoni yake.

Mzee Thuo alikataa kwanza. Kisha akachukua kipande kwa vidole viwili, akinusa. Akanawa. Povu lilitoka jeupe, jingi, na mikono ikatoka laini na mikavu. Akakigeuza kile kipande kwenye jua, akaitazama ile mistari. Akachukua kingine, akalinganisha.

"Rangi ya chai," alisema polepole. "Hivi kweli ni ya chai?"

Akawageukia wenyeji.

"Nani ametengeneza hii?"

Sylvance alifunga vifungo vya koti. Angeweza kunyamaza. Mtu mwingine yeyote angenyamaza!

"Ni ya kiwanda chetu, mzee. Mimi kama mtu wa kemia…"

"Mafuta kiasi gani kwa kostiki kiasi gani?"

"Ya kutosha, mzee. Mimi nakadiria kwa jicho."

Mtu aliyepima mizigo ya reli miaka thelathini na moja hawezi kuambiwa nakadiria. Ni afadhali umtukane. Mzee Thuo alimgeukia binti yake.

"Mafuta ya mbuzi kilo moja," alisema Waringa. "Kostiki gramu mia moja thelathini na mbili. Nusu nilitumia strungi iliyopoa, nusu maji matupu, nikazimimina pamoja. Ikakauka wiki nne na siku mbili."

Palikuwa kimya. Hata mhubiri wa ghorofa la jirani alikuwa anabadilisha betri.

"Tulikuja kuona kiwanda cha mkwe," alisema Mzee Thuo mwishowe. "Kiwanda tumekiona. Ni cha binti yetu. Mambo ya mahari mimi sina la kusema tena, atasema mwenye kiwanda. Waringa, huyu unamtaka?"

Waringa alimtazama Sylvance. Alitazama koti jeupe, ambalo sasa lilikuwa na mikono kumi ya machungwa mgongoni, maana kila mzee alijishikilia hapo akipanda ngazi. Alitaka kukasirika. Alijitahidi kabisa. Lakini kicheko kilimshinda, akacheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo, na Tata Sally naye akaanza, akishikilia miwani yote miwili.

"Namtaka, Baba," alisema akifuta machozi. "Lakini kwanza aandike barua ya kuomba kazi."

Barua iliandikwa Jumapili, kurasa tatu. Mbili na nusu zilikuwa za sifa zake. Jumatatu alfajiri Muoki alimkuta kwenye mfereji, ameinama kwenye sufuria za sabuni, koti limekunjwa hadi viwiko.

"Niaje, mtu wa kemia! Ulipata kazi?"

"Nimepewa cheo, buda," alisema Sylvance, akinyoosha shingo. "Mimi ndiye mkuu wa usafi wa vyombo."

Muoki alimwangalia vidole, vyote kumi bado vya machungwa.

"Sawa, mkuu," alisema, akirudisha mswaki mdomoni. "Anza na hivyo vidole."